Ulimbo wa Anti Keji

Katoni ilipasuka saa nane mchana, jua likiwa limechemsha mabati ya ghala mpaka huwezi kuyagusa. Kazi yangu pale uwanja wa ndege ni kuandika mizigo inayopanda ndege ya Nairobi, na mzigo wa siku hiyo ulikuwa mafuta ya lulu. Huku Juba lulu si kito cha baharini. Ni mafuta mazito ya kokwa za mti unaoota porini kwetu. Tunayapikia, tunajipaka, tunawapaka watoto wachanga, na sasa wenye nafasi wa nchi nyingine wameyagundua, nao wanayataka kwenye losheni zao. Yalikuwa yameyeyuka kwa joto, yakanitiririkia kiatuni mpaka kwenye soksi. Wenzangu wakacheka, wakasema leo Poni atang'aa hadi kucha. Nikacheka nao, halafu nikatoka, nikazunguka nyuma ya ghala, nikatapika chai yote ya asubuhi.

Harufu yenyewe si mbaya. Ina moshi kidogo na ukarangakaranga, na kwa wengi wa umri wangu ndiyo harufu ya shingo ya mama. Nyumbani wanajua sijipaki lulu, na wanasema ni maringo ya mtu wa ofisi. Waache waseme. Mara ya mwisho kuitia vidole kwa hiari yangu nilikuwa na miaka saba, na kilichofuata nimekibeba peke yangu miaka yote hii, nikiamini kwamba angalau kuna mtu mmoja aliyekijua na akanisamehe.

Tulikaa mtaa wa New Site, enzi hizo viwanja vitupu vikiwa vingi kuliko nyumba. Uani kwetu kulikuwa na tukul moja, kibanda cha udongo chenye paa la nyasi, tulimolala mama na mimi, na chumba kimoja cha mabati alimolala Anti Keji. Keji hakuwa ndugu wa damu wa mama. Walikulia kambi moja ya wakimbizi Uganda, wakalala mkeka mmoja, na katika shule ya kambi mwalimu mmoja akawafundisha wasichana mpira wa mikono, kwa kuwa mpira wa miguu wavulana walikuwa wameuhodhi. Mama aliwekwa golini kwa sababu alikuwa mrefu. Keji alipewa kurusha kwa sababu siku ya kwanza tu alivunja dirisha la mwalimu mkuu. Vita ilipokwisha walirudi nyumbani pamoja, wakinibeba mgongoni kwa zamu. Baba yangu alibaki Uganda na mwanamke mwingine, na habari zake zinaishia hapo.

Juba iliwapokea kwa kazi ya kibarua cha mizigo, hapo hapo uwanja wa ndege ninapofanya kazi leo. Kampuni ile ilikuwa na timu ya wanawake, na timu ilikuwa kwenye ligi ya taifa ya mpira wa mikono. Watu waliiita ligi ya kulipwa. Msikimbilie kuhusudu. Malipo yalikuwa soda, mche wa sabuni, na jina lako kutajwa redioni Jumatatu. Klabu zilijulikana kwa kazi za wenyewe: sisi Mizigo, wengine Benki, wengine Walimu, na wababe wa wote, Hoteli, waliokuwa na wasichana wa Kikenya warefu na viatu vinavyofanana. Sisi nyavu zetu za goli zilikuwa nyavu chakavu za kufungia mizigo ndani ya ndege. Ligi nzima iliziazima, na bado walitucheka.

Sasa lazima niwaeleze ulimbo, maana bila huo hakuna kisa. Mpira wa mikono unashikwa kwa kiganja kimoja, tena unashikwa huku unaruka, na ukiwa na jasho unakuponyoka. Kwa hiyo wachezaji hupaka kitu cha kunata vidoleni. Wenye uwezo hununua. Anti Keji alipika wake. Madereva waliokuwa wakileta mbao za msonobari kutoka milimani walimletea utomvu umeganda kwa vipande, naye aliuyeyusha kwenye sufuria ndogo mpaka uwe mzito, akautia kwenye kikopo cha rangi ya viatu. Ulikuwa haba, na timu ilikuwa na sheria yake, kwamba ulimbo ni wa mkono mmoja. Wengine walicheza na vumbi. Keji peke yake ndiye aliyechovya, na kabla ya mchezo alibandika kidonge kwenye kisigino cha kiatu ili akikaukiwa ainame achote bila kutoka uwanjani.

Ulimbo huo haukutoka kwa maji wala sabuni. Uliondolewa kwa lulu. Kila jioni baada ya mazoezi Keji aliketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono wa kulia, na mama akachukua lulu kidogo akamsugua kidole kimoja kimoja, mpaka ulimbo ulainike na kutoka. Walikuwa wakiongea mambo yao, wakicheka, wakimsengenya msimamizi wa ghala. Mimi niliketi hapo nikitazama. Hivyo nilijua, kabla sijajua kusoma, kwamba lulu inaua ulimbo. Na kikopo chenyewe kililala kwetu, nyuma ya mtungi wa maji, kwa sababu chumba cha mabati kilikuwa na joto la kukiyeyusha.

Kabla ya kusuguana huko kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikulielewa. Mama alisimama mbele ya geti letu la mabati, mikono juu, miguu imetanuka, na Keji akarudi hatua saba, akamrushia mpira kwa nguvu zake zote. Ukimpita mama uligonga geti kwa kishindo hadi kuku wakatawanyika. Usipompita, ulimpata. Ulimpata mapajani, kifuani, mbavuni, mara moja mdomoni. Alipooga niliona alama za duara kwenye ngozi yake, nyingine mpya, nyingine zikigeuka njano. Siku za mazoezi ya timu alinichukua hadi kiwanja cha nyuma ya maghala, na huko mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu walikuwa wanawake kumi na mbili, wakapanga mstari, na kila mmoja kwa zamu yake akaja kumrushia mama yangu.

Shule ya Jumapili tulikuwa tumefundishwa habari za Stefano aliyepigwa mawe. Mwalimu alituambia wale watu waliweka mavazi yao chini, kisha wakaanza. Na mimi niliona kwa macho yangu wanawake wa Mizigo wakivua majaketi, wakiyaweka chini, kisha wakianza. Sikuwahi kupelekwa kwenye mechi, kwa kuwa mechi zilikuwa mbali na mama aliniacha kwa jirani. Nilichokijua ni mazoezi tu. Na katika mazoezi, mtu wa kupigwa alikuwa mmoja.

Siku moja nilimuuliza. "Mama, ulimfanyia Anti Keji nini?"

"Mimi? Hakuna kitu." Alicheka. "Poni, hii ni kazi yangu. Lazima mtu moja asimame pale."

Jibu gani hilo la kumpa mtoto? Nililichukua lilivyo. Mtu mmoja lazima asimame, na wakaamua awe mama. Nilianza kumchukia Anti Keji kimya kimya, huku nikila karanga alizonitafunia, maana meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka.

Msimu ule Mizigo na Hoteli walikwenda bega kwa bega hadi mechi ya mwisho. Kocha wetu, Barasa, Mkenya aliyefanya kazi benki na kutufundisha kwa mapenzi tu, alikuja uani kwetu Jumatano na habari. Nakumbuka hata kiti alichokalia, kilikuwa kibovu, tukaogopa kumwambia.

"Kuna mtu wa Nairobi anakuja Jumapili," alisema. "Klabu yake inaandika wachezaji kazi. Kazi ya ukweli, na nyumba. Anakuja kumuona Keji. Sasa wewe Keji cheza vile unachezanga, usijaribu maajabu."

Keji alitazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama tena. Mama ndiye aliyepiga vigelegele. Keji akasema akifika huko atatuvuta, mama apate kazi, mimi nipate shule yenye madawati. Kibarua pale uwanja wa ndege kilikuwa kimeanza kuwa cha siku mbili kwa wiki, na tulikuwa tukinywa chai isiyo na sukari. Hata mimi nilielewa kwamba mlango ulikuwa mmoja tu na mkono wa Keji ndio ufunguo. Lakini mtoto anaweza kuelewa mambo mawili yanayopingana na yasigombane kichwani mwake.

Ijumaa walifanya mazoezi ya mwisho mbele ya geti, na Keji alikuwa na moto ambao sijawahi kuuona. Mpira wa tatu au wa nne ulimpata mama jichoni. Alianguka chini, akakaa, akajishika uso. Keji alikimbia, akalowesha kitambaa, akamkandamizia. Nilipotoka tena baada ya muda, jua linazama, walikuwa bado wameketi pale pale, na mama alikuwa analia. Si machozi ya jicho kuumia. Alikuwa analia kwa sauti ya chini, mabega yakitikisika, ameushika mkono wa Keji kwa mikono miwili. Keji ameinamisha kichwa. Mama aliponiona akajifuta.

"Hakuna kitu, Poni. Ni jicho tu."

Jioni ile ile mama alipokwenda tankini na jerikeni, niliingia tukul, nikatoa kikopo nyuma ya mtungi, nikakifungua. Nikachota lulu kwa kijiko cha chai, mara mbili. Nikakoroga kwa mpini wa kijiko mpaka mkono ukauma, mpaka rangi ikawa moja na huwezi kujua. Niliogopa? Hapana. Nilijiona shujaa. Kesho akija kumpiga mama, mpira utamponyoka. Nikakirudisha, nikapiga magoti, nikaomba mkono wa Anti Keji ufe. Nilitumia neno hilo hilo.

Jumamosi hawakufanya mazoezi, kocha aliwapa mapumziko. Mimi nikaona Mungu ni mwepesi wa kujibu.

Jumapili baada ya kanisa mama alinivalisha gauni langu la Krismasi, akasema twende wote, leo ni siku ya Anti Keji. Jicho lake lilikuwa limevimba na kufanya weusi. Kiwanja kilikuwa cha saruji, mali ya watu wa mpira wa kikapu, na watu walikuwa wamepanda hadi ukutani. Mtu wa Nairobi alikuwa na kofia nyeupe na daftari. Mama alinikalisha kwenye benchi la timu, akaenda golini kwake, akatanua mikono. Nami nikajikaza, nikingojea waanze kumpiga.

Filimbi ikalia. Wanawake wa Mizigo walipata mpira, na wote wakamgeuzia mama mgongo, wakakimbia kwenda upande wa pili. Na upande wa pili, jamani, kulikuwa na goli jingine. Ndani yake kulikuwa na mwanamke mwingine, mikono juu, miguu imetanuka kama mama. Keji aliruka juu ya watu wote, mkono nyuma, na alikuwa anamrushia huyo.

Sijui kama nimewahi kuelewa jambo lolote maishani kwa haraka vile. Keji alikuwa wetu. Mazoezi yote yale alikuwa anamfundisha mama kudaka. Na mpira, ulipofika pale ambapo ungetakiwa kutoka mkononi mwake, ulitoka mapema, ukaenda juu ukagonga ukuta wa nyuma. Watu wa Hoteli wakashangilia. Keji alitua, akatazama vidole vyake. Akainama, akachota kisiginoni, akapaka tena.

Alipaka na kupaka. Kadiri alivyopaka ndivyo ulivyoteleza. Pasi zilimponyoka, mipira aliyopewa ikamtoka. Mara ya nne niliona akileta vidole puani. Alisimama kidogo, watu wakimpita, halafu akaenda pembeni akasugua mkono kwenye mchanga kama mtu anayesugua sufuria. Ilisaidia kidogo. Alifunga magoli mawili, matatu, kwa mkono uliojaa mchanga na mafuta. Tulikuwa bado karibu nao, kwa sababu mama siku hiyo alidaka hata upepo. Kila nilipoona mpira ukimpiga nililia, si kwa uchungu wa mama tena, kwa uchungu wa nilichokifanya.

Mapumziko yalipofika nilimkimbilia, nikamvuta jezi. "Mama, ulimbo..."

"Poni, si saa hii. Kalas, basi. Tutaongea nyumbani."

Alinisukuma taratibu kwa goti, akamgeukia kocha. Na mimi, nawaambia ukweli wangu wote, nilifurahi kunyamazishwa. Ningeweza kusema tena. Ningeweza kwenda kwa Kocha Barasa, au kwa Keji mwenyewe aliyekuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi, mkono umelala mapajani. Kulikuwa na kopo la maji ya sabuni pale pale; ulimbo yasingeutoa, lakini ile lulu yangeikata. Nilirudi nikakaa, nikanyamaza, gauni la Krismasi nimelifinya mikononi.

Mwisho wa mechi tulikuwa nyuma kwa goli moja, na refa akatupa penalti ya mita saba. Sare ingetosha kutupa kombe. Timu nzima ilimtazama Keji, hata baada ya yote yale, kwa maana hakuna aliyejua kumtazama mtu mwingine. Alisimama mstarini. Alipopeleka mkono nyuma, mpira ulimtoka kwa nyuma, ukadunda taratibu kwenye saruji ukija upande wetu, ukaja ukasimama karibu na benchi. Watu wengine wakacheka. Mtu wa Nairobi alikuwa ameshafunga daftari.

Walichomfanyia Keji baada ya hapo sipendi kukikumbuka. Wanawake aliokula nao miaka mitatu walimwambia amekula hela ya Hoteli. Mmoja alimtupia kiatu chake miguuni. Kocha Barasa aliwanyamazisha, akachuchumaa mbele yake.

"Keji, leo ulikuwa na nini? Sema tu. Hakuna mtu atakufanya kitu."

Mama alikuwa amesimama karibu, ameniweka mbele yake, mikono yake mabegani mwangu. Keji aliinua macho akatutazama. Alitazama muda mrefu sana. Nikajua amejua, nikangoja anitaje.

"Mkono imekufa," alisema. "Ni hiyo tu."

"Keji hawezi kuuza mechi," mama aliwaambia wale wengine. "Mimi najua Keji. Keji hawezi." Akauchukua mkono wake wa kulia ili ausugue kama kila jioni. Keji akaupokonya, akaurudisha nyuma ya mgongo.

Asubuhi yake alibeba godoro lake kichwani akahamia mtaa wa Juba Na Bari, kwa shangazi yake. Mama alimfuata mara tatu, mara tatu akaambiwa Keji hayuko, huku viatu vyake viko mlangoni. Kampuni ilivunja timu, kibarua nacho kikaisha. Karibu na Krismasi milio ya risasi ikaanza mjini, na mama akanibeba tena kurudi Uganda, kambi ile ile, safari hii bila mtu wa kupokezana naye.

Niseme nilivyoishi na jambo hili. Niliamini Keji alinijua pale uwanjani, na kwamba alichagua kutukanwa ili mtoto wa miaka saba asichapwe. Niliifanya hiyo kuwa siri yetu wawili. Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Kila nilipotaka kumwambia mama ukweli nilijiambia hapana haja, mwenye kudai amekwisha samehe. Mama alipougua huko huko kambini, akikonda kila wiki hadi pete ikamtoka yenyewe, alituma watu Juba, akatuma simu, akimwomba Keji aje tu waonane. Keji hakuja. Hapo nilimkasirikia.

"Poni," mama aliniambia siku moja nikimgeuza kitandani, "mimi nilimkosea Keji nini?"

"Labda ni aibu ya mpira, mama."

"Aibu ya mpira miaka yote hii?"

Nilimfunika shuka. Nilikuwa mtu mzima, ulimi ninao, na mama yangu alikuwa anakufa akiuliza swali ambalo niliweza kulijibu nusu yake. Niliogopa afe ananichukia. Alizikwa Alhamisi, na hakuwa amejibiwa.

Baadaye nilirudi Juba kutafuta kazi, na baada ya katoni ile kupasuka nilishindwa kula siku mbili. Jumamosi nikaenda Juba Na Bari, nikauliza nyumba kwa nyumba, mpaka nikaonyeshwa. Sikwenda kuungama, kwa maana nilidhani hakuna cha kuungama kwake. Nilikwenda kumshukuru.

Alikuwa ameketi kibarazani akichambua mrenda. Nywele zimeingia mvi, mabega bado mapana. Alinitambua kabla sijasema jina, akanionyesha kiti, lakini hakuinuka.

"Nilisikia habari ya mama yako," alisema. "Mungu amulaze vizuri."

"Amina, anti."

Tukakaa. Mimi nikatoa maneno yangu niliyoyapanga njia nzima. Nikamwambia nilikuwa mtoto, nilidhani anampiga mama, ndiyo maana nikatia lulu kwenye ulimbo wake. Nikamwambia najua alijua, najua alininyamazia, na sijawahi kupata nafasi ya kumwambia asante.

Mikono yake ilisimama juu ya mrenda.

"Wewe unasema nini?"

"Lulu, anti. Ijumaa ile. Ni mimi niliyeitia."

"Wewe."

"Ulinitazama, pale uwanjani. Kocha alipokuuliza. Nilijua umenijua."

"Mimi sikuona wewe hata," alisema. Alisema polepole. "Wewe ulikuwa mtoto ndogo. Mimi niliona mama yako. Nilikuwa naangalia mama yako."

Sikuelewa, akaona sielewi.

"Mpira ya nne nilinusa mkono, nikajua ni lulu. Kopo inalala kwenu. Na nani alikuwa anajua lulu inaua ulimbo? Ni yeye alikuwa ananisugua kila siku. Ijumaa ile alishika mkono yangu, alilia, aliniambia usiende. Jumatano alikuwa anapiga vigelegele mbele ya watu, Ijumaa aliniambia, Keji, ukienda mimi nabaki na nani. Jumapili mkono yangu inateleza. Wewe ungefikiri nini?"

Aliusukuma mrenda kwenye ukingo wa sinia.

"Nilinyamaza kwa sababu ni yeye. Ningesema, wangemuua pale. Lakini sikutaka kumuona tena." Aliutazama mrenda. "Watu wake walikuja hapa. Walisema anaumwa, ananiita. Niliwafukuza."

"Anti, hakujua. Hakujua chochote. Alikuwa akiniuliza alikukosea nini."

"Alikuuliza lini?"

"Mpaka mwisho."

Aliweka sinia chini. Hakunipiga, ingawa nilitamani anipige. Hakunitukana wala hakusema amenisamehe. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akafunga mlango, nikasikia komeo. Nilibaki kibarazani, sijui nikae au niondoke. Muda ukapita, majirani wakaanza kunitazama.

Halafu nikamsikia ndani akiita. "Jokudu." Kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya kawaida, jinsi unavyomwita mtu aliye uani. "Jokudu. Jokudu." Ilinichukua muda kutambua anamwita nani. Ni jina la mama la usichanani. Tangu nizaliwe watu wote walimwita Mama Poni.